Hewa Ndani ya Bomba

Atupele mwanangu,

Habari ya sweta, ya kutokula kitu usichokijua jina, na ya kupiga simu Jumapili baada ya ibada, mama yako amekwisha kuzisema. Nimemsikia kupitia ukutani, kwa hiyo sizirudii. Amekufungia hata vitunguu vya kukaanga kwenye chupa, ingawa nilimwambia vitaishia uwanja wa ndege. Mimi sina cha kukufungia. Nina maneno niliyoyakalia tangu ukiwa kidato cha tatu kule Iringa. Mbele ya watu nitashindwa kuyatoa, kwa hiyo nayaandika usiku huu wakati wewe unakunja nguo.

Unajua kwamba nilikataa kipimo cha kaka yako. Hapa Ruaha Mbuyuni nani asiyejua? Lakini hukuwahi kuniuliza nilikataaje. Ulikuwa shuleni, ukaletewa habari kwa simu ya matroni, ukarudi likizo ukanisalimia kama kawaida na kuniwekea maji ya kuoga. Heshima yako hiyo imeniuma kuliko kama ungenitukana.

Nilikuja hapa kutoka Tukuyu na darasa la saba na jembe. Shamba sikuwa nalo. Nilianza kibarua kwa mtu mwenye pampu, nikibeba mabomba begani kutoka mtoni hadi kwenye vitunguu vyake, na nikawa natazama. Yeye alijua kuwasha na kuzima tu. Mimi nilitaka kujua kwa nini siku nyingine maji yanapanda na siku nyingine hayapandi, wakati mto ni ule ule na petroli ni ile ile. Nikagundua kwamba pampu ina adui mmoja mkubwa, hewa. Bomba la kuvutia maji likiwa na tundu la pini kwenye maungio, basi. Injini inanguruma, moshi unatoka, kelele zinasikika hadi barabarani, na shambani hakuna tone. Ukiiacha hivyo, sili inayozuia maji kuvuja inaungua na pampu inakufa.

Nilikuwa nalaza sikio kwenye bomba la inchi tatu na kusikia hewa inavyokoroma ndani. Watu walinifuata hata kutoka ng'ambo ya mto: "Baba Lusekelo, njoo usikilize." Nikifika nasikiliza, nashika mahali, nasema fungeni hapa. Maji yanapanda. Kwa kazi hiyo nilipata shamba langu, nikajenga nyumba hii na kuwasomesha. Na kwa kazi hiyo nikaamini nimeyaelewa mabomba yote duniani. Moyo si pampu? Mshipa si bomba? Nani wa kunifundisha?

Sasa, kaka yako. Alianza kuangusha vitu. Anapalilia, jembe linamtoka mkono wa kulia, anasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu kwa dakika chache, halafu anarudi sawa. Mwenyewe aliona ni mchezo. "Tata, mkono ulikwenda matembezi, umerudi." Ilipotokea mara ya tatu mama yako akasema yeye hacheki tena. Tukaenda Iringa, na Iringa wakatuambia twendeni Mbeya, kuna daktari wa moyo mwenye mashine ya ultrasaundi. Mjomba wako Chesco, shemeji yangu ambaye siku zile alikuwa anapakia malori ya vitunguu, akatutafutia lifti kwa dereva anayemjua. Tukapanda watatu, mimi na Chesco pembeni, Lusekelo katikati anaimba njia nzima mpaka Makambako.

Daktari alikuwa kijana. Alimpaka Lusekelo jeli kifuani, akazungusha kile kichwa cha mashine na kutazama skrini kwa muda. Akasema anahisi kuna tundu kwenye ukuta wa kati wa moyo, ila picha haimwonyeshi vizuri, kwa hiyo atatumia vipovu. Nesi akaleta mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa na koki ndogo. Akavuta maji ya chumvi, akavuta na hewa kidogo, akaanza kusukuma, huku, kule, huku, kule, mpaka maji yakawa meupe.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Vipovu tu, mzee," daktari akasema. "Maji na hewa kidogo. Tunamdunga mkononi, halafu tunaviangalia vinavyopita moyoni."

"Hewa?"

"Kidogo sana."

"Kidogo kiasi gani?"

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, leo najua. Alicheka kama mtu aliyechoka. "Mzee, tulia tu, hii ndiyo kazi yetu."

Nikamwambia, "Tangu nimezaliwa naona manesi wanagonga sindano kwa ukucha ili hewa itoke. Leo ninyi mnaitia makusudi?"

Chesco akanivuta koti. "Shemeji, hapa si mtoni. Mwache mtu na pampu yake."

"Wewe umewahi kufungua pampu hata moja?"

"Sijawahi. Ndiyo maana nimenyamaza."

Lusekelo naye pale kitandani, kifua wazi, akasema, "Tata, mimi naona wafanye tu. Hii jeli ni ya baridi, tumalize twende tukale."

Nikamwambia avae. Alikuwa mtu mzima, Atupele, ana ndevu. Angeweza kusema hapana. Lakini kwetu baba akisimama mtoto haketi, na mimi ndiye niliyemlea hivyo. Akafuta jeli, akavaa, akamshukuru nesi kwa Kinyakyusa, "Ndaga, dada, samahani kwa usumbufu." Daktari akasema tukibadili mawazo turudi, akaita mgonjwa mwingine. Nadhani yote hayo hayakumaliza dakika tatu. Kwenye kicheko chake na jibu lake, pale ambapo ningeweza kugeuka, ilikuwa kama nusu dakika.

Yule daktari nimemdai hiyo nusu dakika miaka yote. Angenipa kipimo tu. Mimi ni mtu wa kipimo. Wewe uliponieleza, ulimaliza kabla chai haijachemka: hewa nusu mililita, ikizidi sana moja, kwa tisa za maji, inakatwakatwa kuwa vipovu vidogo, vinakwenda upande wa kulia wa moyo, vinafika mapafuni na kuyeyuka, mtu anavipumua nje. Hewa inayoua ni nyingi kuliko hiyo, tena ikiingia kwa mkupuo. Ningeambiwa hivyo ningekaa. Nasema ningekaa, sina hakika. Maana nimegundua kitu kuhusu lawama: haigawanyiki kama gunia. Ukimpa mwenzako nusu, yeye anabeba yote na wewe bado unabeba yote.

Tuliporudi, nilisifiwa. Hili hukuambiwa. Watu walikaa pale kwa muuza chai wakasema Baba Lusekelo amemwokoa mwanawe, walitaka kumdunga hewa. Nikasimulia mara nyingi, na kila nikisimulia mabomba ya sindano yalikuwa makubwa zaidi. Nililala vizuri wiki zile. Kama kuna kitu katika habari hii ninachokionea aibu hata kukiandika, ni usingizi ule.

Halafu mama yako akamkuta kwenye matuta ya vitunguu. Alikuwa ameanguka kwa upande wa kulia, macho wazi, mdomo unajaribu. Mkono haukurudi kutoka matembezini safari hii, na sauti haikurudi.

Tukamrudisha Mbeya. Wakati huu daktari alikuwa mama mmoja mtu mzima, na nesi alipoanza kusukuma yale maji, huku, kule, nilishika mkono wa mwanangu uliokufa ganzi nikasema fanyeni. Wakanigeuzia skrini nione. Chumba cha kulia cha moyo kilijaa weupe ghafla, kama mvua ya mawe ikitua bondeni. Cha kushoto kilikuwa cheusi kitupu. Nikaomba, mwanangu, Mungu ananijua, nikaomba cha kushoto kibaki cheusi ili niwe nilikuwa sahihi. Hata saa ile. Mwanangu amelala pale na mimi naombea usahihi wangu.

Moyo ukapiga mara moja, mara mbili, na vipovu vichache vikavuka. Vilivuka bila haraka, kama mbuzi wanaopita kwenye uzio uliotoboka.

"Umeona, baba?" yule mama akasema. "Damu inatakiwa ipite mapafuni kwanza, mapafu ndiyo chujio. Hapa pana njia ya mkato. Likiganda donge dogo la damu mguuni, badala ya kunaswa kwenye chujio linapita hapa, linapanda kichwani."

Nilielewa pale pale. Hakuna aliyewahi kunieleza kitu nikakielewa haraka hivyo. Ni sawa na pampu inayovuta pembeni ya chujio, uchafu wote unapanda shambani. Na vile vipovu havikumfanya kitu. Alivipumua nje. Kilichomwangusha kilipita njia ile ile ambayo vipovu vingetuonyesha mapema, wakati vidonge bado vingemkinga.

Vidonge anavyo sasa, vya kuzuia damu isigande. Tundu bado lipo. Mkono na ulimi haviko.

Wewe ulikuwa unataka ualimu. Baada ya hapo ukaanza fizikia, na kila ukirudi likizo unazungumza mawimbi ya sauti. Nitakuambia ukweli: nilidhani unaniadhibu. Nilidhani umechagua vipovu ili kila nikikuangalia nivikumbuke. Mpaka Krismasi iliyopita, pale jikoni, uliponing'olea unywele mmoja ukauweka kwenye kiganja changu. Ukasema kuna vipovu vinavyotengenezwa kiwandani, vimevikwa ganda jembamba la mafuta ili visipasuke ovyo, na ukigawa milimita moja mara elfu, upana wa kimoja ni sehemu mbili au tatu tu. Nikapiga hesabu kichwani: vipange karibu thelathini ndipo viujaze upana wa ule unywele. Ukafurahi kwamba nimepata. Mimi nilifurahi kuliko wewe.

Ukaendelea. Kwamba ganda lile linaweza kubebeshwa dawa. Kwamba ukilenga sauti mahali pamoja mwilini, sauti tusiyoisikia, vinatikisika au vinapasuka pale pale na kushusha mzigo. Kwamba mishipa ya ubongo imebana sana, dawa nyingi hazipiti, lakini vipovu vikitikisika ndani yake kuta zinaachia kidogo, dawa inapita, na baada ya saa kadhaa zinajifunga tena. Nilikusikiliza kama zamani ninavyosikiliza bomba. Nikawaza, hewa ile ile niliyoikimbia, kumbe inaweza kutumwa.

Halafu nikakuuliza lile swali.

"Vitamrudisha Lusekelo?"

"Tata, bado ni utafiti."

"Nipe namba."

"Sina namba, Tata."

"Ile sehemu iliyokufa, je?"

Ukakoroga chungu ambacho hakikuwa kinahitaji kukorogwa. "Iliyokufa imekufa. Vipovu vinapeleka dawa. Havifufui."

Nilikushukuru moyoni kwa jibu hilo, ingawa nilitoka nje nikakaa kwenye tofali mpaka mama yako akaja kuniuliza kama naumwa. Ulinipa ulichonacho, hukunicheka. Nikasema huyu atakuwa mtu wa kweli huko aendako.

Kwa hiyo nilipopita dirishani wiki iliyopita nikakusikia umekaa naye, unamwambia, "Kaka, nitarudi na dawa yako. Utanisemesha kwa mdomo wako mwenyewe," nilisimama nikakosa pa kuweka miguu.

Najua ulisema kwa upendo. Alikuwa analia, akilia analia upande mmoja wa uso, na nani anaweza kutazama hilo akanyamaza? Lakini hukukaa ukaona kilichofuata, maana ulikwenda Iringa kufuatilia mambo ya safari. Alichukua kipande cha kanga ya mama yako, akajifunga mkono wa kulia kwenye kitasa cha mlango, akawa anajivuta. Kutwa. Ameanguka, tumemwinua, amejifunga tena. Kijiko akishikiwa anakisukuma. Usiku nasikia anajaribu sauti, neno moja halitoki, anarudia na kurudia. Miaka yote alikuwa ameshatulia, Atupele. Si furaha, lakini ametulia, anakaa kivulini anatazama malori, Chesco anapita kumtania kwamba amenenepa kama bosi. Sasa anaandaa mwili upokee dawa. Akiona begi lako analigusa, halafu anajigusa mdomo.

Yule daktari hakunipa kipimo kwa sababu alidhani sitaelewa. Wewe hukumpa kaka yako kipimo kwa sababu unadhani hataweza kukibeba. Ni nusu dakika ile ile. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyewafundisha nyumba nzima kwamba mambo ya Lusekelo yanaamuliwa na mwingine, yeye akiwa amelala pale anasikia.

Na ninakuogopea wewe. Ukienda Uholanzi na ahadi hiyo, kila jaribio utalipima kwa mtu mmoja. Mtapata dawa inayofika kwenye uvimbe wa mtoto wa watu, mtashangilia, na wewe utakwenda chooni kulia kwa sababu si mkono wa Lusekelo. Utakivua kila kitu thamani. Hatimaye utaichukia kazi, kisha utamchukia yeye, kisha utaona aibu kurudi. Nimeona watu wanakimbia nyumba zao kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nikuambie ninachokiamini, usije ukadhani baba anajikaza. Siamini kwamba Lusekelo atasema tena. Siamini kwamba nitafika siku nitakayoamka bila kumwona pale kitandani akisema "tumalize twende tukale." Kuna watu kanisani wananiambia Mungu ana makusudi. Nawaitikia amina kwa adabu. Lakini nimekaa na hesabu hii muda mrefu, nimeigeuza kila upande, na jibu haliji. Mahali pengine maji hayapandi tena, na si kwa sababu hujasikiliza vizuri.

Kwa hiyo leo, wakati umekwenda kuwaaga wa kanisani, nimefanya kitu.

Nilikuwa namwogesha nyuma ya nyumba, jua bado lipo. Nikakaa chini ili nimtazame usoni. Nikamwambia, "Lusekelo, safari hii nakueleza kwanza. Dada yako anakwenda kusoma. Dawa ya kurudisha mkono wako na sauti yako haipo. Haipo mwaka huu, haipo mwaka ujao, na huenda mimi na wewe tukafa haijapatikana. Sehemu ile ya ubongo imekufa. Anachokwenda kujifunza kitawasaidia watu ambao hawajafika ulipofika. Alikuahidi kwa sababu anakupenda. Na ulipofika, nilikufikisha mimi."

Hilo la mwisho nilikuwa sijawahi kumwambia. Miaka yote nimemwogesha, nimemnyoa, nimemgeuza, sijawahi.

Alinielewa. Ana akili zake zote, Atupele, tunasahau kwa sababu hasemi. Halafu akanisukuma kwa ule mkono wa kushoto, kifuani, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, mpaka nikaketi kwenye maji ya sabuni. Nilipomwingiza ndani akageukia ukutani. Hajala. Mama yako ameniuliza, "Umemfanya nini mtoto?" Nikamjibu nimemwambia ukweli. Akasema, "Leo? Hukuona siku nyingine?" Sikuona, mama Lusekelo. Siku nyingine wewe, Atupele, usingekuwepo kuuthibitisha.

Ndiyo ninachokuomba, na ndiyo sababu ya barua yote hii. Asubuhi utaingia kumuaga. Mwambie kwamba baba amesema kweli. Usilainishe. Usiseme "lakini tuombe," usiseme "huwezi kujua." Ukiacha ufa mdogo tu, atajifunga tena mkono mlangoni, wewe utakuwa mbali, na mimi ndiye nitakayemfungua kila jioni hadi nife. Halafu nani atamfungua?

Atakukasirikia. Pengine utaondoka na mgongo wake tu. Mimi nimeshazoea hasira ya kimya ya nyumba hii. Wewe hujazoea, itakuuma hadi Morogoro, itakuuma ndani ya ndege. Iache ikuume. Ukifika kazini kwako, vitazame hivyo vipovu kwa ajili yavyo vyenyewe, na kwa ajili ya kijana mwingine kitandani ambaye baba yake bado ana nusu dakika. Na mtu akikuuliza kiasi gani, hata kama ni mzee mshamba aliyevaa koti la kuazima, usicheke. Mpe kipimo.

Basi la Dar hupita asubuhi mapema na halikai. Mama yako na Chesco watakusindikiza barabarani, watakubebea begi. Mimi hutaniona huko. Nitakuwa chumbani kwa Lusekelo, nimekaa nyuma ya mgongo wake, mpaka lipite, ili asilisikie likiondoka akiwa peke yake.

Baba yako,
Baba Lusekelo